Chaja ya Nyumbani kwa Pikipiki ya Umeme
Maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Kamati iliniandikia barua fupi ikinieleza kwamba baadhi ya wanachama wamependekeza mfuko wetu uwakopeshe vijana watano wa hapa Kaisho, waliomaliza kidato cha nne, pikipiki za umeme ili wafanye kazi ya bodaboda na kurejesha fedha kidogo kidogo. Kwa kuwa mimi nimeishi kwa kazi ya umeme tangu nilipotoka hapa, niliombwa nieleze ni chaja gani inunuliwe. Swali ni zuri. Lakini naomba mnivumilie, maana siwezi kulijibu kwa kutaja jina la chaja. Kabla ya kwenda dukani ni lazima mtu aende kwanza nyumbani kwa huyo kijana, atazame ukuta, atazame mita ya LUKU, kisha atazame kama kuna waya wa athi unaofika ardhini. Hayo matatu ndiyo yatakayoamua kama kijana atalipa deni lake au atabaki na chuma kisichotembea uani kwa baba yake.

Wako waliolicheka pendekezo hili, wakasema mambo ya umeme ni ya Dar es Salaam. Mimi sikucheka. Jirani zetu wa Rwanda wamekwisha kututangulia. Pikipiki za kampuni ya Ampersand zinabeba abiria Kigali tangu mwaka 2019, na kuanzia Januari 2025 serikali ya nchi hiyo iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kubeba abiria katika jiji hilo. Kampala nako, Zembo walianza mwaka 2018. Kwa hiyo pikipiki yenyewe imekwisha kupimwa katika nchi za milima kama yetu, na imeonekana inapanda.

Ila mwendeshaji wa Kigali hana haja ya chaja nyumbani. Betri ikipungua anakwenda kituoni, anaitoa, anapewa nyingine iliyojaa, analipa, anaondoka kabla abiria wake hajamaliza kuongea na simu. Huduma ya namna hiyo hutaka waendeshaji mamia kwa mamia wanaozunguka mahali pamoja. Sisi tumetawanyika. Kijana wa Kaisho asubuhi yuko Isingiro, mchana amempeleka mgonjwa Nkwenda, jioni yuko njia ya Murongo na gunia la maharage nyuma yake. Hapa kila mtu atajaza betri yake kwake mwenyewe. Swali la chaja, ambalo mwendeshaji wa Kigali halimhusu, kwetu ndilo la kwanza.

Na umeme wenyewe hautoki mbali. Pale Murongo, mto Kagera unazungusha mitambo ya megawati 14, nusu ya Tanzania na nusu ya Uganda, iliyozinduliwa rasmi Mei 2023 na Rais Samia Suluhu Hassan pamoja na Rais Yoweri Museveni. Huko Rusumo, wilayani Ngara, mto huohuo unazalisha megawati nyingine 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Petroli husafiri na lori kutoka pwani hadi kufika kwetu. Mto unapita hapa jirani.

Niwaombe radhi wenye magari, nitalimaliza lao upesi. Najua wako ndugu zetu wa Mwanza na Dar es Salaam wanaotaka kuagiza Nissan Leaf kutoka Japani, gari ambalo lilianza kuuzwa Desemba 2010, na wanauliza wafunge chaja gani gerejini. Gari la namna hiyo lina chaja yake ndani. Kile kisanduku cha ukutani mnachouziwa kwa jina la chaja ni swichi tu, ila ni swichi yenye adabu: hulifahamisha gari kwamba waya wake unaweza kubeba ampia kadha wa kadha, hungoja jibu, kisha hufungua njia. Leaf za mwanzo hupokea kama kilowati 3.3 tu kwa umeme wa nyumbani. Ukilifungia gari hilo kisanduku cha ampia 32 chenye uwezo wa kilowati 7, halitajaa mapema hata dakika moja kuliko ukilifungia cha ampia 16. Fedha zako zitakuwa zimepotea ukutani. Kwa hiyo kwanza uliza gari linapokea kilowati ngapi, ndipo uulize bei ya kisanduku. Tazama pia umbo la soketi yake, maana Leaf za Japani hutumia ile iitwayo Type 1, magari ya Ulaya Type 2, na magari mengi ya China GB/T. Na ile kebo iliyokuja na gari kutoka Japani, ambayo ni ya volti 200 na plagi ya kwao, iacheni kwenye buti. Msiitafutie adapta.

Mtu asiyesafiri mbali anaweza kujitosheleza na soketi ya kawaida. Ukichukua ampia 10 kwa volti 230 unapata kilowati 2.3. Mwenye kutembea kilometa 50 kwa siku hutumia kiasi cha kilowati-saa 8, yaani saa nne za usiku. Anayetaka ampia 32 avute waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, usiopungua milimita za mraba 6, wenye kinga yake na athi nzuri. Basi, nimewamaliza wenye magari.

Tuje kwenye pikipiki, na hapa sitakwenda haraka.

Tofauti ya kwanza ni kwamba chaja ya pikipiki iko nje ya pikipiki. Ni ile kasha ya chuma yenye feni inayovuma. Yenyewe ndiyo inayogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa betri, na yenyewe ndiyo inayoamua isimamie wapi. Ikisimama pabaya, hakuna gari lenye akili la kuizuia. Ndiyo maana naogopa zaidi chaja ya pikipiki ya shilingi laki moja kuliko kisanduku cha gari cha shilingi milioni mbili.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea betri iliyofura. Kasha lake lilikuwa limetuna kama mbuzi aliyekula majani mabichi. Chaja yake ya awali ilikuwa imeungua, akaenda katika duka moja la mjini akasema, "Nipe ya volti 72." Akapewa ya volti 72, imeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Muuzaji hakumdanganya, na yeye hakukosea kusoma. Tatizo ni kwamba hiyo 72 ni jina tu, kama vile tunavyoita msumari wa inchi nne.

Sikilizeni vizuri, hasa ninyi wa kidato cha tatu na cha nne mnaosoma fizikia. Ziko betri za aina tatu zinazoitwa za volti 72. Ya kwanza ni lithiamu yenye nikeli ndani yake. Ina seli 20 zilizopangwa kwa mfuatano, na kila seli hujaa kwa volti 4.2. Zidisheni: volti 84. Ya pili ni lithiamu ya chuma na fosfeti, ambayo wauzaji huiita LFP. Hiyo mara nyingi ina seli 24, kila moja hujaa kwa volti 3.65. Zidisheni tena: volti 87.6. Ya tatu ni ile ya zamani ya risasi na tindikali, betri sita za volti 12, ambayo chaja yake huipandisha hadi kama volti 88 kisha hushuka na kuendelea kuipa kidogo kidogo. Zote tatu dukani ni "72." Lakini ukimpa yule wa volti 84 chaja ya volti 87.6, kila seli yake inasukumwa kupita mpaka wake. Ndani ya betri nzuri kuna kibao cha ulinzi kitakachokata. Ndani ya betri duni kibao hicho ni hafifu au kimekwisha kufa, na hapo seli hupata joto, hufura, na mwisho hushika moto. Moto wa lithiamu hauzimiki kwa ndoo moja ya maji. Unaweza kuonekana umezimika kisha ukawaka tena baada ya saa kadhaa.

Kinyume chake si kibaya sana. LFP ikipewa chaja ya volti 84 haitaungua, ila seli zake hazitasawazishwa vizuri na baada ya miezi utaona safari inafupika.

Basi msisome jina, someni kibandiko. Kwenye chaja tafuteni neno OUTPUT, na mbele yake mtakuta namba yenye nukta: 84, au 87.6, au 67.2 kwa zile ndogo. Kwenye betri tafuteni volti ya kujazia. Namba hizo mbili zifanane, pamoja na nukta yake. Zisipofanana, au kibandiko kimefutika, chaja hiyo irudi rafuni hata kama inatolewa bure.

Liko na jambo la plagi, ambalo mimi naliona ni upuuzi wa watengenezaji. Pikipiki nyingi za bei nafuu zina tundu la kujazia linalofanana kabisa na la waya wa kompyuta au birika la umeme, lenye pini tatu. Mtoto anaweza kuchukua waya wa kompyuta, akauchomeka ukutani upande mmoja na kwenye pikipiki upande wa pili, akaipa betri volti 230 za moja kwa moja. Tena chaja mbili zenye plagi ya namna hiyo zinaweza kuwa zimegeuziana chanya na hasi. Ukikuta pikipiki ya hivyo, mwambie fundi aibadilishie tundu kabla haijalala nyumbani hata usiku mmoja.

Wengine watasema nawatisha wanakijiji kwa mambo ya mbali. Mwaka 2023, katika jiji la New York peke yake, watu 18 walikufa kwa moto uliotokana na betri za lithiamu za baiskeli za umeme na vyombo vidogo vya namna hiyo. Ni mji wenye zimamoto wa kila aina. Wengi wa waendeshaji wa huko ni vijana wanaopeleka vyakula majumbani, wanaokaa vyumba vya kupanga na kujaza betri karibu na mlango, yaani penye njia pekee ya kutokea. Mwaka huohuo jiji lilitunga sheria ya kuzuia uuzaji wa vyombo na betri zisizopimwa. Sisi nyumba zetu zina nini kando ya ukuta? Zina magunia ya kahawa kavu, zina dumu la petroli ya pikipiki ya zamani, na kwenye ujia wamelala watoto wanne kwenye mkeka.

Kwa hiyo mahali pa kujazia pasiwe chumba cha kulala wala ujia. Iwe baraza yenye paa, au banda la matofali lenye sakafu ya saruji, hatua chache kutoka kwenye nyumba, bila nyasi wala kahawa. Wizi najua upo. Mnyororo na kufuli vinanunulika.

Sasa kasi. Vijana hupenda chaja ya haraka, nami nawaelewa. Chukueni betri ya volti 72 na ampia-saa 40, ambayo hubeba kama kilowati-saa 2.9. Chaja ya ampia 10 huijaza kwa saa nne na nusu hivi. Huchota ukutani chini ya wati 1,000, kama ampia 4, ambazo soketi yoyote nzima huzibeba bila kutoka jasho. Chaja ya ampia 20 huikaribia kuijaza kwa saa mbili na kitu, lakini huchota karibu wati 1,900, ampia 8 na zaidi, saa nzima bila kupumzika. Pasi pia huchota ampia 8, mtasema. Pasi huwaka na kuzima, haichoti mfululizo. Mzigo wa mfululizo ndio unaotafuta kiungo kilicholegea, na ukikipata hukichoma. Kwa kijana anayelala nyumbani kwake usiku mzima, ampia 10 zinatosha. Betri itamshukuru, maana kujazwa taratibu huirefushia maisha.

Akitoka mlimani na betri ni ya moto, aiache nusu saa ipoe ndipo aichomeke. Na asichomeke saa moja jioni. Mnajua wenyewe hali ya umeme mwishoni mwa laini saa ambazo kila nyumba imewasha taa na televisheni: taa zinakuwa nyekundu kama makaa, tunasema umeme ni mdogo. Saa tano usiku umekwisha kupanda. Hata hivyo, kwa sababu ya huo umeme mdogo, someni pia neno INPUT kwenye kibandiko. Iko chaja iliyoandikwa 220 peke yake, na iko iliyoandikwa 100 hadi 240. Hiyo ya pili huendelea kufanya kazi umeme ukishuka. Ile ya kwanza huzimika na kuwaka, huzimika na kuwaka, mpaka inakufa. Tofauti ya bei ni ndogo. Kwa Kaisho, mimi nisingenunua ile ya kwanza.

Mvua ya radi ikija, ichomoe. Hakuna chaja inayobishana na radi.

Nimefika kwenye nyumba. Nyumba nyingi za wazazi wetu zilipata umeme wa vijijini kwa shilingi 27,000, na nyingine hazikufanyiwa wayaringi kamili bali zilifungwa UMETA, kile kisanduku cha umeme tayari chenye soketi na matawi ya taa chache. Sikidharau. Kimewatoa watu kwenye koroboi. Kwa chaja ya ampia 10 kinafaa, ikiwa kimefungwa vizuri na athi yake ni nzima. Neno kubwa hapo ni athi. Nimekagua nyumba ambamo ile fimbo ya shaba imekwisha kung'olewa na wauza chuma chakavu. Nimekagua nyingine ambamo waya wa athi ulikatwa na jembe wakati wa kupalilia migomba, na hakuna aliyejua, kwa sababu taa ziliendelea kuwaka. Taa haihitaji athi ili iwake. Chaja yenye kasha la chuma, waya wake ukigusa kasha ndani, inaihitaji athi ili isimuue mtu. Fikirini kijana aliyelowa mvua, amesimama pekupeku kwenye saruji, anashika kasha hilo.

Fimbo iwekwe penye unyevu, kwa mfano mahali mama anapomwaga maji ya kuoshea vyombo, na waya wake upitishwe ndani ya bomba ili jembe lisiufikie. Kisha ifungwe ile swichi ya kinga ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampia 30, yenye kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe kila mwezi. Kisipokata, mwite fundi. Na fundi awe mwenye leseni ya EWURA, siyo yule anayejaribu waya kwa ulimi.

Halafu soketi. Liko jambo tunalolifanya wote, na naona wengine mmekwisha kuanza kutabasamu: kuchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tumechaji simu hivyo miaka yote. Plagi hiyo haishiki, inacheza, na panapocheza ndipo panapounguza. Chaja ya pikipiki ipate plagi halali ya pini tatu na fyuzi yake, iingie kwenye soketi iliyo ukutani. Ekstensheni isitumike, hasa ile iliyoviringishwa. Baada ya nusu saa ya kujaza, gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa na uvuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe mkono, zima, kuna kiungo kilicholegea.

Hayo yote ni ya usalama. Sasa niseme la fedha, ambalo nadhani ndilo litakaloleta ugomvi nyumbani kuliko moto.

Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, nyumba inayotumia umeme kidogo iko katika kundi la D1. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na ukiongeza kodi na tozo, 122. Ndiyo maana shilingi 9,150 hutoa uniti 75. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, yaani 427 pamoja na kodi. Na anayezidisha mara kwa mara huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, tangu ile ya kwanza, ni 292, yaani kama 356 baada ya kodi.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Mama anatumia uniti 40 kwa mwezi: taa, redio, televisheni, simu. Analipa shilingi 4,880. Mwanawe analeta pikipiki ya umeme. Anatembea kilometa 90 kwa siku, na kwa milima yetu, pamoja na umeme unaopotea kama joto kwenye chaja, tuseme anachota uniti 4 kila siku, siku 26. Hizo ni uniti 104. Jumla ya nyumba ni 144, na nyumba inahamishiwa T1. Sasa zile uniti 40 za mama, ambaye hajaongeza hata taa moja, ni shilingi 14,240. Ameongezewa 9,360 kila mwezi kwa kazi ya mwanawe. Mama huyo huyo ndiye anayeuza ndizi.

Kijana mwenyewe yuko wapi katika hesabu hiyo? Uniti zake 104 ni shilingi 37,024. Kwa petroli, tukisema lita mbili na nusu kwa kilometa 100 na lita moja ni shilingi 3,000 (bei kikomo ya kweli hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi), kilometa zake 2,340 zingemgharimu shilingi 175,500. Amebakiza zaidi ya 138,000. Anaweza kumlipa mama yake zile 9,360 bila kuhisi. Lakini hatamlipa asipojua, na mama hatadai asipojua. Dawa yake ni mita ndogo ya ndani kwenye laini ya chaja, ambayo haina uhusiano na LUKU bali huhesabu tu ni uniti ngapi zimepita hapo. Iko ya bei ndogo. Mwisho wa mwezi wanasoma namba, wanazidisha, wanamaliza. Naona ni muhimu kama athi yenyewe.

Kenya waliweka bei maalumu ya kujazia vyombo vya umeme mwaka 2023: shilingi zao 16 kwa uniti, na 8 wakati wa usiku mzigo ukiwa mdogo. Sisi D1 na T1 hazitofautishi usiku na mchana. Wako humu waliosoma sheria na uchumi na sasa wanakaa karibu na wakubwa. Hilo nawaachia wao.

Kwa wale ambao nguzo hazijafika kwao, jua linaweza, ila si lile paneli la taa tatu na redio. Kupata uniti tatu kwa siku kunahitaji paneli za kiasi cha wati 1,000, pamoja na vifaa vyake. Gharama hiyo inakaribia pikipiki nyingine. Nisingeanzia huko.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naweza kuijibu barua ya Kamati. Pendekezo ni pikipiki tano. Mimi naomba ziwe nne. Fedha za ile ya tano zigawanywe katika nyumba nne: fimbo ya athi, swichi ya kinga, soketi moja ya nje yenye laini yake, mita ndogo, na sakafu ya saruji ya banda. Chaja ziwe za ampia 10, za INPUT 100 hadi 240, zilizotoka kwa mtengenezaji yuleyule wa betri, na inunuliwe moja ya akiba ikae hapa shuleni, ili ya mtu ikiungua asikimbilie dukani kutafuta "ya volti 72." Volti ya kujazia iandikwe kwenye mkataba wa mkopo na ipakwe rangi kwenye chaja na kwenye betri. Na mkopo usitolewe kabla nyumba haijakaguliwa.

Najua atasimama mtu aseme kwamba chama chetu kinasaidia vijana, hakijengi nyumba za watu. Na kwamba kijana wa tano aliyekosa ana haki gani. Ni hoja nzito, sitaipuuza. Mimi nitamtazama huyo wa tano usoni na kumwambia angoje mwaka mmoja, mpaka marejesho ya wenzake yamfikie. Nadhani nitaweza. Kitu ambacho sitaweza ni kwenda kwenye nyumba iliyoungua usiku na kumweleza mzazi kwamba pikipiki ilikuwa yetu lakini waya ulikuwa wake.

Baada ya chakula nitakuwa kwenye maabara ya fizikia mpaka saa kumi, pamoja na mwalimu wa somo na kipimo changu cha volti. Mwenye pikipiki ya umeme, au bajaji, aje na chaja yake tuipime. Aje na betri pia, siyo chaja peke yake. Wanafunzi wa kidato cha tatu watanisaidia kuandika namba.